Nije, Uje, Aje

Venga, vengas, venga. Nilikuwa na pini midomoni, pazia la chumba cha daktari wa meno limenilalia mapajani, na kila nilipochomeka pini kwenye pindo nilitakiwa nitoe neno la Kihispania. Pini hii, nije. Hii, uje. Hii, aje. Yaya, mwalimu wangu, alikuwa amekaa juu ya gunia la vipande vya vitambaa, miguu kainyoosha, macho kayafumba kama mtu anayeonja chumvi. Nikikosea hakunigombeza. Alichomoa pini kwenye pindo, akanirudishia mkononi, nianze upya.

"Usiseme kama unaomba kiberiti," aliniambia. "Sema kama unataka."

Kutaka nilitaka. Kama kutaka kungekuwa nyuzi ningewavisha watu wa mtaa mzima.

Ninayaandika haya kwa mama yeyote ambaye mwanawe ameoa mbali, kwenye lugha asiyoijua yeye mama. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo sina maneno ya kupambia. Ninachosema ni kimoja: usikubali mwanao awe ndiye mdomo wako. Hata kama ni mtoto mzuri. Hasa kama ni mtoto mzuri.

Wangu alikuwa mzuri. Ni fundi majokofu. Alikwenda ng'ambo kwa mafunzo ya mwaka mmoja, nami nikamfungashia nguo za mwaka mmoja, nikamshonea mfuko wa ndani wa suruali wa kutia hati zake, nikamwambia aende arudi. Mwaka ulipokwisha akapata kazi. Kazi ilipotulia akapata mke, binti wa huko huko. Mke akazaa mtoto wa kike. Baba yake mwanangu alikwishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo kila habari ilinikuta peke yangu, kwenye chumba cha mbele kinachotazama barabara, nyuma ya cherehani, na kila moja niliipokea kwa vigelegele, kisha nikakaa chini.

Kila Jumapili walipiga simu ya video. Wao ilikuwa mchana na wako mezani, mimi ilikuwa jioni na nimeshafunga kazi. Meza haikuwa ya mwanangu, ilikuwa ya mama mkwe wake, na simu waliiegemeza kwenye jagi lake la maji. Pembeni mwa kioo cha simu yangu palikuwa na mkono wa jagi, umeziba nusu ya ukuta. Ndiyo maana moyoni nikampa yule mama jina la Bi Jagi. Sikumwambia mtu. Mwanangu akisema "mama mkwe anakusalimu," mimi nasema "nami namsalimu sana," na moyoni nasema: Bi Jagi, sogeza jagi lako.

Wivu wa mapenzi naujua, nao una mwisho wake: mtu huzeeka, ukacheka. Huu ulikuwa mwingine. Bi Jagi alikuwa na tabia ya kulamba kidole gumba na kumfuta mjukuu wangu mchuzi mdomoni. Anafanya huku anaongea na wengine, hata haangalii, kama mtu anayejikuna. Mkono wake ulijua mdomo ulipo. Mimi kwenye kioo sikujua hata kama mtoto ana urefu wa kufika kiunoni au kifuani. Nilimwona kuanzia mabega kwenda juu, kama picha ya kitambulisho. Nilipita bombani nikakuta wanawake wanalalamika kwamba wajukuu wanawavuta magauni, wanamwaga maji, hawatulii, nikawa nawaonea wivu kwa hayo malalamiko yao, natamani niazime moja nikalalamike nalo nyumbani.

Nilimshonea mtoto pazia la chumba chake. Kitambaa cha rangi ya maji ya limau, pindo nimelikunja mara mbili, chini nimelitia uzito ili litulie upepo ukipita. Lilikwenda na mtu aliyekuwa akisafiri. Jumapili moja nikaliona. Lilikuwa limetandikwa juu ya meza ya Bi Jagi, juu yake sahani na mabakuli, na doa moja tayari. Nilimuuliza mwanangu mbona. Akageuka akaongea nao, wote wakacheka kwa upole, akanirudia: "Mama, wamelipenda mno. Wameona ni la heshima, hawataki jua lilibabue." Nikasema ahsante. Mpaka leo sijui ni nani aliyesema hivyo, wao au yeye.

Mtoto alikuwa anakaribia kuanza shule. Ukishaanza shule huko, likizo zinahesabiwa, safari zinakuwa ngumu. Nilijua kwamba kama hakuja kabla ya hapo, atakuja akiwa mkubwa, ananipa mkono kama mgeni, anatafuta choo kiko wapi. Basi kila Jumapili nilimwambia mwanangu neno lile lile: "Mwambie mama mkwe wako na mkeo, nataka mtoto aje kwangu likizo hii ndefu." Naye angegeuka mezani akatoa maneno, marefu, matamu, mezani wote wangetabasamu, Bi Jagi angeinua glasi kuelekea kwangu. "Wanasema wataangalia, Mama." Wiki hadi wiki, wanaangalia. Nikajiambia, basi ni yule. Ni yeye anayezuia. Kila alivyoinua glasi yake nilizidi kumchukia.

Ndipo akaingia Yaya. Alikuwa mteja wangu wa siku nyingi, mwanamke wa makamo, mwenye miguu inayouma na ulimi usiouma mtu bila sababu. Jina la Yaya lilitokana na kazi: alitumika muda mrefu kwa familia ya kigeni iliyokuwa inaongea Kihispania, akawalea watoto wao hadi baba yao alipohamishwa. Jumapili moja alifuata gauni lake nililompunguzia kiuno. Nikamwashiria akae, niko kwenye simu. Akakaa kwenye gunia. Simu ilikuwa kwenye spika. Nikasema neno langu la kila wiki, mwanangu akaligeuza, meza ikatabasamu, glasi ikainuliwa, tukaagana.

Yaya alikuwa ameshika gauni lake lakini haliangalii.

"Dada," akasema, "mwanao hakusema ulichosema."

Nikamuuliza amesemaje, basi. Akazungusha kifungo cha gauni. "Amesema unawatakia chakula chema. Na kwamba umeipenda meza yao."

Mguu wangu ulikuwa kwenye kanyagio la cherehani, nikaukanyaga bila kukusudia, sindano ikaenda yenyewe hewani, tikitiki, haina kitambaa. Nilitaka kulia lakini kilichonitoka ni kicheko. Umeipenda meza yao. Meza yenye pazia langu.

Sikumpigia simu kumuuliza. Mtoto mpole ukimuuliza swali chungu anakuwekea asali, na mimi nilikwishashiba asali. Nilitaka neno langu mwenyewe, litoke mdomoni mwangu lifike sikioni kwa yule mama likiwa zima. Nikamwambia Yaya: nifundishe jinsi ya kusema nataka aje. Gauni hili na yote yatakayofuata, nakushonea.

Alikuja jioni nyingi. Akaniambia kwanza kwamba kitenzi cha aina hiyo hakisimami peke yake. Lazima awepo anayetaka, na awepo anayetakiwa. Ukiwa peke yako chumbani huna kazi nacho. "Sisi pia tunacho," akasema. "Ukisema anakuja, hiyo ni habari. Ukisema aje, hiyo ni roho ya mtu." Nilikuwa nimeyasema maneno hayo, uje na aje, maisha yangu yote, na sikuwahi kusimama nikayasikiliza.

Quiero que venga. Nataka aje. Venga kwangu mimi, vengas kwako, venga kwake, vengamos kwetu, vengan kwao. Nilizisema nikikata, nikipiga pasi, nikizungushia uzi. Hatukuwa na kitabu. Yaya mwenyewe hakukipata kwenye kitabu. Bibi mwenye nyumba alikotumika hakuwahi kukaa chini amwambie hivi ndivyo watu husema "mimi nafua". Alimwambia quiero que laves, nataka ufue. Quiero que planches, nataka upige pasi. Quiero que cierres, nataka ufunge mlango. "Kihispania changu chote ni cha kutumwa," Yaya alisema, na akacheka peke yake. "Habari za kwao sizijui vizuri. Wanachotaka, nakijua chote."

Kwa hiyo nami nikafundishwa hivyo hivyo, na sauti yake. Quiero que, halafu unanyamaza kidogo, kidevu juu, ili anayetumwa awahi kugeuka. Halafu ndio unaliachia neno lenyewe. Nikaona ni vizuri. Nikaona hivyo ndivyo mtu anavyojikaza.

Siku moja Yaya alinionyesha simu yake. Wale watoto aliowalea walikuwa wamekua, wana ndevu, na bado wanamtumia picha. Mmoja alikuwa ameandika neno ambalo Yaya alisema maana yake ni "mama yangu wa pili". Nilisema vizuri, hongera. Usiku ule nilimwonea wivu hata yeye.

Jumapili niliyoichagua nilivaa gauni la kutokea, nikafunga dirisha la barabarani. Walikuwa mezani wote: mwanangu, mke wake, mtoto katikati, Bi Jagi upande wa jagi. Mwanangu akaanza, Mama shikamoo, habari za huko. Nikamwambia marahaba, baba, ngoja kidogo. Leo nasema mwenyewe.

Nikainua kidevu. "Quiero que," nikasema, nikanyamaza kama nilivyofundishwa. "Venga la niña."

Nataka mtoto aje. Lilitoka lote, halikukwaruza popote.

Mke wa mwanangu aliweka kiganja mdomoni. Mtoto aliinua kichwa kwa sababu amesikia anatajwa. Na Bi Jagi, ambaye miaka yote aliangalia simu, kwa mara ya kwanza aliniangalia mimi. Alifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"No," akasema.

Neno hilo halina haja ya mkalimani. Akaongeza mengine, ya chini chini na ya haraka, akakusanya sahani za watu waliokuwa bado wanakula, akaondoka nazo. Mwanangu akasema, Mama nitakupigia, na kioo kikawa cheusi, nikajiona mimi ndani yake na gauni langu la kutokea.

Alinipigia kesho yake akiwa kazini, nyuma yake jokofu la duka linanguruma. Hakuwa amenisemesha hivyo tangu azaliwe.

"Nani kakufundisha kuongea vile?"

"Kwani nimesema uongo?"

"Umesema kama tajiri, Mama. Yule mama amesafisha nyumba za watu tangu msichana. Umemsemesha kama bosi wake, mbele ya mjukuu wake, kwenye meza yake."

Nikamwambia yeye ndiye aliyenifanya bubu. Nikamwambia chakula chema. Nikamwambia meza. Akasikia kwamba najua.

"Ningemwambia, angekataa," akasema. "Na wewe ungejua kwamba amekataa. Nilitaka kila mtu ale chakula chake kwa amani. Basi."

"Kwa nini akatae? Mimi nitamla?"

"Hapana, Mama." Sauti yake ilishuka. "Anajua kwamba mimi nilikuja kwa mwaka mmoja."

Alirudi kazini. Mimi nilibaki na lile neno, na sitaficha lilivyonikaa: lilikaa vizuri. Miaka yote nilidhani yule mama analala usingizi mnono juu ya mali yangu. Kumbe alikuwa halali. Alikuwa amemwona mtoto wa mtu akija na sanduku dogo asirudi kwao, na alijua vizuri kuliko mtu yeyote jinsi jambo hilo linavyotokea, kwa sababu lilitokea mezani kwake, akilipakulia chakula. Aliniogopa. Mimi, na cherehani yangu. Nilitembea siku hiyo nimejaa kama tanga la... sijui la nini, nimejaa tu. Nilikata kitambaa cha mteja kifupi nikacheka.

Yaya alipokuja nikamsimulia. Aliposikia habari ya kidevu alicheka mpaka akashika magoti, kisha kicheko kikamfia. "Nimekufundisha kama mama mwenye nyumba wangu," akasema. "Nisamehe, dada. Mimi hiyo ndiyo sauti niliyoisikia." Akanifundisha por favor, tafadhali, ambalo alisema yeye aliambiwa mara chache ndiyo maana alilisahau. Kisha akafikiri, akanipa kitenzi kingine.

Vuelva. Arudi.

"Mwambie unataka aje, na unataka arudi. Arudi kwake yeye."

Nikasema hilo silisemi. Nikamuuliza kama mimi nilirudishiwa wangu. Kama kuna mtu yeyote pale mezani, hata siku moja, aliinua glasi akasema tunataka arudi kwa mama yake. Yaya alisimama, akakung'uta nyuzi kwenye sketi. "Basi usiseme. Lakini hatakuja," akasema, na akaenda zake na miguu yake inayouma.

Wiki hiyo sikushona kitu kikawa kitu. Nilipiga pindo upande wa nje, nikafumua. Nikapiga tena, nikafumua tena. Vuelva, vuelvas, vuelva. Nirudi, urudi, arudi. Nilizisema kwa hasira, nazikanyagia cherehani. Na katika kuzisema ndipo nikagundua kwamba kile nilichokuwa nimekitaka siyo likizo. Nilikuwa nimetaka mtoto aje, akae, anizoee, kisha siku ya kuondoka akatae. Nilikuwa nimekwishaichagua hata kona ya kuweka kitanda chake. Yule mama aliniona kwenye kioo kutoka ng'ambo akaijua hiyo kona.

Jumapili nikavaa nguo za kazi. Sikuinua kidevu.

"Por favor," nikasema. "Quiero que venga la niña." Bi Jagi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mtoto, mikono juu ya mabega yake. "Y quiero que vuelva. Con usted." Na arudi. Kwako wewe.

Mwanangu alikuwa ameinamia sahani yake.

"Otra vez," akasema Bi Jagi.

Hilo nililijua. Bibi mwenye nyumba wa Yaya alilitumia shuka zisipotakata. Rudia. Nikarudia. Aliniangalia mdomo kama sisi mafundi tunavyoangalia mshono wa mtu mwingine, tunatafuta pale utakapoachia.

"Otra vez."

Nikarudia mara nyingine, na safari hii nilipofika kwenye vuelva sauti iliniishia, ikabidi nilisukume kwa pumzi tu. Nadhani hapo ndipo aliponiamini, aliposikia limenitoka kwa shida. Akauliza kitu kifupi ambacho sikukijua. Nikamgeukia mwanangu.

"Anauliza lini," akasema. Na hiyo, katika tafsiri zote alizowahi kunipa, ndiyo niliyoipokea bila shaka yoyote.

Mtoto alikuja na baba yake. Alikuwa ananifika kiunoni. Mama mwenzangu unayesoma, kama nawe una wasiwasi kama wangu, fanya haya kabla mtoto hajaingia: pandisha pini na mikasi rafu ya juu, funga nyaya za pasi, weka kiti mlangoni upande wa barabara. Niliyafanya yote na bado nililala sikio wazi. Alikohoa, nikaketi. Hakukohoa, nikaketi pia.

Siku za mwanzo alilia akimtaka bibi yake wa kule. Abuela, abuela. Hakunywa maziwa, nilichemsha nikapoza, nikachemsha tena. Nilimkaribia kumfuta machozi akageuza uso ukutani, na mkono wangu ukabaki hewani haujui pa kwenda. Baba yake alisema atazoea. Mimi nilimsikia anavyomwita yule, nikawa natamani hata machozi yale yawe ya kwangu.

Alizoea kupitia chini ya meza ya kukatia. Aliingia humo akajenga nyumba ya vipande, akavuta mlango wa kitambaa, akawa anatoa mkono tu kuomba vingine. Nikawa nauona mkono. Nikautilia kipande, kipande, siku moja nikautilia kidole changu, akakishika. Neno lake la kwanza la Kiswahili lilikuwa "sitaki". Alilipenda sana, alilisema hata kwa vitu alivyovitaka. Yakafuata "bado", na "njoo", na siku moja nikiwa bombani nilisikia nyuma yangu mtaani, "Bibi, njoo," kwa sauti ya amri, na wanawake wote wakageuka, nami nikalalamika kwa sauti kubwa kwamba jamani mtoto huyu haniachi nipumue.

Jumapili simu iliegemezwa kwenye cherehani yangu. Bi Jagi alikuwa na binti yake tu kwenye ile meza. Aliuliza, mtoto akamjibu nusu kwa lugha yao na nusu kwa yangu, na mwanangu akawa anajaza mapengo. Sikujua anayajaza na nini. Nilichokiona ni Bi Jagi anatabasamu kwa jambo ambalo hajalielewa, na tabasamu linabaki usoni muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa. Ningelitambua popote. Na nilifurahi, sitawadanganya. Wiki mbili za furaha chafu, tamu.

Asubuhi ya kuondoka mwanangu alitoka kutafuta gari. Sanduku lilikuwa mlangoni. Mtoto amevaa gauni nililomshonea, miguu mitupu, na simu ikalia. Haikuwa Jumapili. Alikuwa Bi Jagi, nywele hazijachanwa, kwao bado hakujakucha vizuri. Hakukuwa na meza wala jagi, ni uso wake tu, ameuleta karibu mno. Alimwita mtoto.

Mtoto aliingia nyuma yangu, akajifunika na gauni langu, akalishika kwa mikono miwili.

"Sitaki kwenda," akasema kwa Kiswahili, safi, kila neno mahali pake. "Nakaa na bibi."

Bi Jagi aliisikia sauti. Hakuyasikia maneno. Akasogeza uso mpaka nikaona macho tu.

"¿Qué dice?" akaniuliza. Anasema nini.

Neno nililolisubiri tangu mtoto yule azaliwe lilikuwa limetoka, tena limetoka kwa mwenyewe, bila kuombwa, na hapakuwa na mtu mwingine chumbani wa kulifikisha. Niliangalia mlangoni kama mwanangu anarudi. Barabara ilikuwa na watu wengine. Yule mama alingoja. Hakuuliza tena, aliniangalia tu, na niliona kwamba amekwishajua, na anasubiri kuambiwa.

"Quiere que venga usted," nikasema. Anataka wewe uje. Neno la kumpokea sikuwa nalo, kwa hiyo nikaegemeza simu, nikafungua mikono yangu miwili mbele ya kioo, nimuonyeshe. Uje umpokee. Hivi.

Alifumba macho. Sí, akasema, sí, sí, na mengine mengi ambayo Yaya hakuwahi kunifundisha.

Nikapiga goti kutafuta viatu. Mtoto, ambaye lugha zote mbili ni zake, alikuwa ametoka nyuma ya gauni, ananiangalia usoni. Nilingoja anisahihishe. Aliweka mkono begani kwangu asianguke, akanyoosha mguu mmoja.